Mechi ya Posa

"Umekosa tena!" Mzee Mwigulu aligonga meza kwa kiganja. "Aneth, una nini wiki hii? Mpira uko mdomoni kabisa mwa tundu, hata mtu mwenye usingizi angeuingiza!"

Aneth aliupanga upya mpira mweusi palepale, karibu na tundu la kona, akapaka fimbo chaki, akainama. Pigo likatoka laini. Mweusi ukagonga ukingo wa tundu, ukatikisika, ukagoma.

"Pumua kwanza," baba yake alisema, sasa kwa upole. "Kidevu kiguse fimbo. Usiwaze watu, usiwaze ng'ombe, usimwaze huyo bwana. Unapotaka mpira uende, paone kwanza akilini. Mkono utafuata wenyewe."

"Ndivyo ninavyofanya, baba."

Na kweli ndivyo alivyokuwa akifanya.

Mzee Mwigulu ana ukumbi wa pool pale Kambarage, na binti huyu mmoja tu, aliyekulia kando ya meza. Mchumba wa kwanza alipokuja, mzee hakutaka kuachana na mwanawe, akatamka mbele ya ukoo mzima: anayemtaka Aneth amshinde mezani, na akishindwa arudi na ng'ombe wake. Watu walicheka, wakadhani utani. Thubutu! Walikuja wa Didia, wakaja wa Isaka, akaja hadi mwalimu mmoja mwenye pikipiki mpya, na wote waliondoka wamenywea. Neno la mzee likawa sheria ya nyumba. Aneth akishinda, anabaki kwa baba yake. Akishindwa, anaolewa. Hakuna aliyewahi kumuuliza yeye anataka nini.

Huyu wa safari hii hakuwa wa kubeza. Mageni anauza vipuri vya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, kule Katoro, na wachimbaji wanaapa kwamba hajapatikana wa kumfunga. Aliwahi kupita Kambarage siku ya Sabasaba, akacheza na Aneth mechi za kirafiki mchana kutwa, akijicheka mwenyewe kila alipokosa. Tangu siku hiyo Aneth hakuwa na raha. Usingizi ulikuja kwa shida, ugali aliuacha sahanini. Baba yake alisema ni woga wa mechi, akamwongezea mazoezi.

Jumamosi asubuhi lori lilisimama nje, ng'ombe wakilia juu yake.

"Mwangaluka!" Selestine, baba mdogo wa Mageni, alipaza sauti kusalimu kwa Kisukuma, akitangulia kuingia kama mwenye nyumba. Mageni alifuata nyuma, shati limepigwa pasi hadi linasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Uko tayari?"

"Yuko tayari huyu!" Selestine alimjibia. "Nimemwambia, asipompata binti huyu asikanyage tena kwangu. Mke tumeshamchagulia, kilichobaki ni mchezo tu."

Mageni alitazama sakafu.

"Basi sikilizeni," Mzee Mwigulu alisema. "Meza yangu haiuzwi. Nikiona mtu anacheza kwa kununuliwa, mechi imekufa na posa imekufa. Macho haya hayajawahi kudanganywa na mpira."

Ukumbi ulijaa hadi madirishani. Aneth akasimama katikati. Mbele meza, nyuma watu, mlangoni ng'ombe, na njia ya kutokea ilikuwa moja tu, mpira mweusi. Aliogopa, tena aliogopa sana, maana kosa dogo tu na maisha yake yote yangebaki upande asioutaka.

Walikwenda sambamba. Akiingiza huyu, na yule anajibu. Hakuna aliyetania, hakuna aliyecheka, na Mageni hakumtazama hata mara moja. Mwisho ukabaki mweusi peke yake, umetulia karibu na tundu la kona. Zamu ilikuwa ya Aneth.

Mzee Mwigulu alishindwa kuficha meno. "Huo tumeufanyia kazi, mwanangu! Pumua!"

Aneth akapumua. Kidevu kikagusa fimbo. Kelele zikafifia, watu wakapotea, akaona akilini pale anapotaka mpira uende. Akapiga.

Mweusi ukagonga ukingo wa tundu, ukatikisika, ukagoma.

"Nilisema! Nilisema mimi!" Mzee Mwigulu alishika kichwa kwa mikono miwili. "Woga umemponza mwanangu!"

Aneth aliziba mdomo, mabega yakimtetemeka. Vigelegele vilianza kabla Mageni hajashika fimbo, na Selestine alishatoka mlangoni akiagiza ng'ombe washushwe. Kulikuwa na haja gani ya kusubiri? Mweusi ulikuwa unachungulia ndani ya tundu.

Mageni alizunguka meza taratibu. Akapaka chaki. Akavuta pumzi ndefu, akashusha kidevu hadi kikagusa fimbo, akafumba macho kidogo, akayafumbua. Pigo likatoka laini.

Mweusi ukagonga ukingo wa tundu, ukatikisika, ukagoma.

Vigelegele vilikatika. Selestine alirudi mbio akiwa na kamba mkononi. "We Mageni, umelogwa? Wiki nzima kule nyumbani unaukosa mpira huo huo!"

Ukumbi mzima ulimcheka kijana wa watu. Aneth peke yake hakucheka. Kosa lile alilijua, maana na yeye alikuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima, apate kuolewa na Mageni.

Mageni akamtazama kwa mara ya kwanza tangu aingie, macho yanaomba aachiwe aende zake. Aneth akafuta machozi kwa mgongo wa mkono, akachukua fimbo, akautumbukiza mweusi.