Mvua ya Mma Seabelo

Siwema alipotua Gaborone kutoka Tabora hakupewa ramani wala kitabu cha wageni. Alilazwa kitandani, akatiwa kichwani kumbukumbu ya siku moja ya utoto wa mwenyeji. Ndivyo nchi ile ilivyojitambulisha kwa kila mhamiaji: mzee hutoa siku yake kwa hiari, mgeni akaamka nayo, na mzee asiikumbuke tena.

Siwema aliamka na mvua. Aliona zizi la ng'ombe nyikani, ardhi iliyokauka miaka mitatu, na watu wazima wakicheza matopeni huku wakiishangilia mvua kwa lugha yao, "Pula! Pula!"

Mwenye siku hiyo alikuwa jirani yake, Mma Seabelo. Kila asubuhi bibi huyo alivuka ua na kigoda chake, akaketi jikoni kwa Siwema chai ikichemka.

"Nisimulie, mwanangu."

Siwema humsimulia harufu ya udongo, maziwa ya mgando, mama akijifunika blanketi moja na binti yake. Bibi husikiliza akitabasamu, kama anayepewa habari za watu wa mbali.

Leo aliuliza jambo jipya. "Yule mama, alimpenda mtoto wake?"

"Mno, Mma," Siwema alijibu akikoroga sukari, macho yakiwa kule nyikani, kwenye mvua ile. "Mama yangu alinipenda mno."

Kijiko kikasimama.

Mma Seabelo aliinuka polepole, akabeba kigoda chake. Mlangoni alinyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko kwa heshima, kama mgeni anavyomuaga mwenyeji wake.

"Asante kwa kunikaribisha," akasema.