Nywele za Bibi Harusi

Kajuju alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha bibi harusi, na alikuwa akimwonea wivu tangu msuko wa kwanza.

Wote wawili walizaliwa na ualbino, ila si wa aina moja. Nywele za Kajuju zilikuwa nyeupe kama pamba, na macho yake yalichezacheza bila kutulia, hata ikambidi asuke pua ikikaribia kugusa kichwa cha mteja. Mwenzake alikuwa na nywele za rangi ya asali na madoadoa ya kahawia mashavuni. Simu aliisoma bila miwani. Shambani alilima bila kofia. Na kesho angeolewa, hapa hapa Laare.

"Wewe Mungu alikupaka rangi kidogo," Kajuju akasema.

"Jua halinijui, dada!"

Kajuju akalikunja sikio la bibi harusi ili apitishe kitana. Nyuma ya sikio palikuwa na kidonda kikubwa kama punje ya mahindi, kingo zimeinuka, damu inachuruzika.

"Hiki ni cha lini?"

"Januari. Hakisikii dawa. Wewe kifunike tu na rasta."

Kajuju akapapasa kovu la shavuni mwake, pale daktari alipomkata saratani iliyoanza hivyo hivyo. Kisha akaanza kuifumua misuko.

"Daktari atataka kukiona. Leo."

"Harusi ni kesho! Wewe unanionea wivu tu!"

"Ndiyo, nakuonea," Kajuju akasema, akashika msuko wa pili, akaufumua.