Kambale wa Bombani

Mzee Mshana, fundi bomba mstaafu, alikuwa na uongo mmoja uliojulikana mji mzima: kambale aliyetoka tangi la kilimani, akapita bombani, akaibukia jikoni kwa mwalimu. Mjukuu wake Namsifu pekee ndiye aliyeuamini.

Asubuhi hiyo wodini, daktari hakuzungukazunguka. Mrija waliomwekea Namsifu chini ya ngozi, wa kushusha maji ya kichwani hadi tumboni, ulikuwa umeshusha na mbegu za uvimbe wake wa ubongo. Hutokea kwa nadra, alisema, lakini sasa hata tumboni kuna uvimbe. Kesho wangeanza dawa kali.

"Mrija umeharibika?" mzee aliuliza.

"Hapana, mzee wangu. Unafanya kazi vizuri kabisa."

Namsifu alipapasa mrija, kidole kikateremka kutoka shingoni hadi kifuani. "Babu, kumbe ni kambale."

"Ndiye, mama."

"Yule wa mwalimu mlimfanyaje?"

Miaka yote watu walikuwa wakicheka mapema, hivyo mwisho wa hadithi hakuwahi kuutunga. Mzee akavua kofia, akaketi kitandani.

"Alitutoa jasho, mama," akaanza. "Tulikuwa watu wazima wanne, na ndoo moja..."

Daktari, aliyekwisha kushika kitasa cha mlango, akakiachia.