Mikono ya Mize

Siku hizi kila nyumba yenye mgonjwa wa kiharusi hupewa mikono ya mashine, nayo hujifunza kukanda kwa kumwiga mtu wa nyumbani. Yetu iliniiga mimi. Nilimkanda mume wangu Shaame kwa mafuta ya nazi, kuanzia bega lililopooza hadi vidoleni, nayo ikinitazama. Nilikuwa hoi, kila nikifika kiwikoni nasinzia kidogo. Mashine ikadhani ndivyo watu wanavyokanda.

Sasa yenyewe ndiyo inayomkanda jioni, mimi niko jikoni. Shaame hufumba macho akatulia. Siku hizi halii tena, na maneno yameanza kumrudia. Mimi huniambia “maji” na “choo”, basi.

Leo mikono ilipofika kiwikoni ikasita, kama nilivyoifunza. Nikamsikia, kwa ule ulimi wake mzito:

“Mize, mke wangu. Umechoka. Kapumzike.”

“Abee!” nikaitika, nikakimbilia mlangoni na sufuria niliyokuwa nikiisugua masizi.

Hakugeuka. Alikuwa bado kafumba macho, anavipapasa vile vidole vya mpira. Mashine ikamtii, ikajikunja, ikapumzika.

Nikarudi jikoni. Masizi yalikuwa bado hayajatoka.