Zamu ya Kasisi Naftali

Kasisi Obadia, katibu, ndiye aliyeandika kanuni za chama cha mijadala cha makasisi wa mji ule: asiyehudhuria mara tatu mfululizo hufutwa, na asiye mwanachama haingii ukumbini. Alhamisi ile ikamlazimu kumfuta rafiki yake Naftali.

"Anamuuguza mkewe," aliwaambia wenzake.

"Kanuni haisemi lolote juu ya kuuguza," alijibu mwenyekiti. "Na uliiandika wewe, ndugu yangu."

Obadia akalipiga jina mstari.

Mjadala ulikuwa haujapamba moto mlango ulipogongwa. Naftali alisimama pale, viatu vimejaa udongo mwekundu, karatasi mkononi.

"Mniwie radhi, ndugu zangu. Tumemzika asubuhi. Nyumba imenishinda kukaa, na leo ni zamu yangu kusoma."

Wote walimtazama Obadia, maana kumwarifu aliyefutwa ilikuwa kazi ya katibu. Aliinuka, akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.

"Nisomee mimi," alisema, akaketi kwenye ngazi.

Naftali aliketi kando yake, akafunua ukurasa wa kwanza, akautazama kwa muda mrefu. Ndani, mjadala ulikuwa umeanza tena.