Anwani ya Mama

Siku hizi sauti za marehemu hukaa ghalani, chini ya mji, na sisi majumbani tunabaki na anwani tu, za kuwaitia ukutani wakatujibu. Ikifika arobaini, baada ya hitma, sauti hufutwa, familia huachia nafasi yake ghalani apewe marehemu mwingine, na kila ndugu hufuta anwani aliyonayo.

Kaka yangu Mbwana aliiachia nafasi ya mama yetu. Mimi sikufuta. Nilijidanganya kwamba maadamu anwani ninayo, mama bado ninaye.

Jana nikipika mchuzi wa papa niliita ukutani, pale jikoni, kama nilivyozoea. "Mama, ukwaju nitie sasa?"

"Nani wewe?" ilijibu sauti ya mwanamume.

Mwiko ulinitoka mkononi. "Samahani, baba. Hapo alikuwa mama yangu."

"Sasa ni pangu. Nimeletwa juzi." Akashusha sauti kama mtu anayechelea kusikika. "Binti, wewe ndiye Zamda?"

"Ni mimi. Umejuaje?"

"Kuna mama hapa chini yangu, hatulii. Anasema ukwaju usitie bado. Na anauliza, mbona mmemlaza mtu juu yake?"