Mvua ya Majani

Uwanda wetu umepangiwa na serikali mvua ya majani tu: manyunyu kila siku ya tatu, yanayolowesha udongo kina cha kidole. Nyasi zimenawiri. Miti, ambayo mizizi yake hunywa chini kabisa, imekauka yote ikang'olewa, na watalii wanaona simba bila kizuizi.

"Mama Naserian, mbona nyasi mnazo tele?" ofisa wa mvua aliniuliza jana, huku akitabasamu.

"Kwa hiyo kibuyu nikifukize kwa nyasi?" Kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa moshi wa kijinga cha mzeituni pori, ndivyo mama yangu alivyonifunza. "Mmetunyima mvua moja kubwa ya kufika kwenye mizizi, halafu eti tushukuru?"

Akanipa pakiti ya unga wa ladha ya moshi. Niliitupa nje mbele ya macho yake.

Leo asubuhi nilivunja kigoda cha marehemu mume wangu, mzeituni wa mwisho humu ndani. Nikafukiza kibuyu, nikakamulia humo maziwa ya kumpa mjukuu wangu, Nashipae. Alionja, akatema.

"Koko, bibi yangu, haya yameharibika. Ya shuleni hutiwa unga wa moshi."

Kisha akatoka nje kuitafuta ile pakiti aliyoniona nikiitupa jana.